Mfongo wa babu umekauka: theluji ya Kibo inasingiziwa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Uru, sasa naishi Njiro, Arusha. Nyuma ya kihamba cha babu, yaani shamba la migomba la nyumbani, palikuwa na mfongo, mfereji wa asili wa Wachagga, unaotiririka mwaka mzima. Tangu nimalize shule ya msingi sijaona maji humo. Wazee wanasema ni theluji ya Kibo, kilele cha mlima Kilimanjaro, inayoisha, na ikiisha yote mlima mzima utakauka. Je, ni kweli? Pili, nataka kuandika historia ya kitongoji chetu kabla wazee hawajatutoka, nikianzia na huo mfongo, lakini kila ukoo unasema babu yao ndiye aliyeuchimba. Nimwamini nani?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na theluji, maana hilo jibu lake ni fupi kuliko la pili.

Barafu ya Kibo inapungua, hilo halina ubishi. Mwaka 1912 ilikadiriwa kufunika kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Lakini barafu hiyo iko juu sana, mahali penye hewa kavu na baridi kali, na sehemu kubwa yake hugeuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji. Kinachoyeyuka kikateremka ni kidogo. Kusema hicho ndicho kilikuwa kinajaza mfongo wa babu yako kule Uru ni kuipa theluji kazi ambayo haijawahi kuifanya.

Maji yenu yanatoka msituni. Kati ya mita 1,800 hivi na 3,000 kuna mkanda wa msitu unaouzunguka mlima, karibu kilomita za mraba 1,000. Upande wa kusini, ambako ndiko kuna Uru, Kibosho, Machame na Old Moshi, ndio unaopigwa na mvua kuliko pande nyingine. Kwenye mita 2,200 hivi mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Moshi mjini inapata kama 900 tu. Tupige hesabu ya haraka. Chukua nusu tu ya msitu huo, kilomita za mraba 500, uipe milimita 2,000 za mvua: unapata mita za ujazo bilioni moja kila mwaka. Sasa chukua barafu yote iliyobaki, tuseme kilomita za mraba 2 zenye unene wa mita 30: ni mita za ujazo milioni 60, mara moja tu, basi. Yaani barafu yote ya Kibo ikiyeyuka leo hii haifikii wastani wa mwezi mmoja wa mvua ya nusu ya msitu.

Juu ya msitu wa miti mikubwa kuna kitu kingine ambacho watu wa mjini hawakifikirii: misitu ya erika, ile miti yenye majani membamba na ndevu za kuvumwani zinazoning'inia. Kazi yake kubwa ni kunasa ukungu. Ukungu unapita, unagota kwenye majani, unadondoka matone, matone yanazama kwenye udongo. Zamani misitu hiyo ilipanda hadi juu ya mita 4,000. Moto wa mara kwa mara umeishusha sana, na sehemu kubwa sasa ni vichaka. Moto wa Oktoba 2020 bila shaka unaukumbuka, picha zake zilizagaa kila simu. Watafiti waliopima jambo hili mlimani kwa miaka mingi wanasema maji tuliyopoteza kwa kuungua erika ni mengi kuliko yote tunayopoteza kwa kuyeyuka barafu. Ndiyo maana nasema theluji inasingiziwa. Inaonekana na kila mtu kutoka Boma Ng'ombe hadi Himo, kwa hiyo ikipungua kila mtu anashuhudia. Erika ikiungua, anayejua ni askari wa hifadhi na wapagazi.

Hata hivyo msitu peke yake hauelezi kwa nini mfongo wenu umekauka kabisa, maana mito ya Uru bado ina maji. Hapo lazima tuuangalie mfongo wenyewe ulivyokuwa unafanya kazi, na hapo ndipo swali lako la pili linapoingia.

Mfongo si mto, na wala si mtaro tu. Ni kazi ya mikono ambayo ikiachwa msimu mmoja inaanza kufa. Juu kabisa, mara nyingi ndani ya korongo karibu na msitu, kuna banio. Mabanio ya zamani hayakuwa na saruji: mawe makubwa yalipangwa kukatiza sehemu ya mto, mianya ikazibwa kwa matawi, magome ya migomba na mabonge ya udongo wenye majani. Halikuzuia mto wote, liliuomba tu sehemu. Mvua kubwa ikija banio lilisombwa, na hilo halikuwa balaa, kwa sababu lilijengwa likijulikana litasombwa. Kuanzia hapo maji yalikokotwa kwenye ubavu wa mlima, yakishuka polepole kuliko mto, hadi baada ya mwendo mrefu mfongo ukawa juu ya mgongo wa kilima na mto ukabaki chini korongoni. Waliopima mteremko huo hawakuwa na chombo cha kupimia. Walichimba kidogo, wakaachia maji, wakatazama yanakwendaje, wakachimba tena. Palipokuwa na korongo dogo la kuvuka, waliweka magogo yaliyochongwa ndani. Na kwa kuwa maji ya usiku hayana mtu wa kuyatumia, sehemu nyingi walichimba bwawa dogo, nduwa, likajazwa usiku na kufunguliwa asubuhi.

Sasa, watu wengi hudhani maji hayo yote yalikuwa ya migomba. Mgomba kwenye kihamba chenye mvua nzuri, kivuli cha mringaringa na samadi ya ng'ombe wa ndani hauhitaji umwagiliaji mwingi hivyo. Zao lililodai mfongo wakati wa kiangazi lilikuwa ulezi, uliolimwa kwenye mashamba ya chini ya vihamba. Na ulezi ulikuwa wa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mbege ndiyo ililipa kazi, ndiyo ilimaliza kesi, ndiyo iliposa, ndiyo ilizika. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini watu walikubali kuacha kazi zao siku nzima kwenda kuzibua banio kwenye maji ya baridi, sehemu ya jibu iko kwenye kata ya kunywea mbege. Leo ulezi wa mbege unaletwa kwa magunia kutoka mikoa mingine, na kule chini wanalima mahindi ya masika. Sababu kubwa ya kutunza mfongo iliondoka kimyakimya, na sijaona mzee anayeitaja anapolaumu theluji.

Kutunza kulikuwa hivi. Kila mfongo ulikuwa na mzee wake, kwa kawaida kutoka ukoo wa waliouchimba. Baragumu likilia, kila nyumba inayotumia maji inatoa mtu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja. Asiyekuja anatozwa, mara nyingi mbege, na akikaidi ananyimwa zamu. Zamu ziligawanywa kwa siku na kwa sehemu za siku. Mangi, yaani mtawala wa eneo, alikuwa na sauti, na zamu yake haikuguswa, lakini mifongo mingi ilikuwa mali ya koo na si ya Mangi. Hilo liandike kwa uangalifu, maana vijana wengi huandika kana kwamba kila kitu mlimani kilifanywa kwa amri ya Mangi.

Hapo tunafika kwenye ugomvi wa koo zenu. Nitakushangaza: inawezekana kabisa wote wanasema kweli. Mfongo mmoja huchimbwa na ukoo fulani hadi kwenye kihamba chao. Kizazi kinachofuata, ukoo wa chini unaomba maji, unapeleka mbuzi na mbege, unaruhusiwa kuurefusha. Halafu mto unahamisha mkondo, banio la zamani linabaki hewani, na ukoo wa tatu unachimba kichwa kipya juu zaidi. Miaka mingi baadaye kila mjukuu anakumbuka babu yake akiwa na jembe mkononi. Kwa hiyo usiulize "nani aliuchimba?" Swali hilo kila mtu ana jibu lake na kila jibu lina fahari ndani yake, na siku hizi lina hata kesi ya mpaka ndani yake. Uliza hivi: wakati wa kufungua maji mwanzo wa kiangazi, nani alikuwa lazima awepo ndipo kazi ianze? Nani alichinja pale banioni, na nyama ya sehemu gani alipewa nani? Nani alipata zamu ya kwanza? Maji yakipungua, nani alikatiwa mwanzo? Mtu anaweza kujipachika kwenye hadithi ya kuchimba, lakini ni vigumu kujipachika kwenye mgawo wa nyama ambao koo nyingine zote ziliuona. Haki ndogondogo hizo ndizo hati za mfongo ambao haukuwa na karatasi.

Wahoji mmoja mmoja, na uwahoji asubuhi, kabla ya mbege. Wakina mama usiwaache. Wanaume watakueleza banio. Mama ndiye anayejua maji yalifika nyumbani saa ngapi, siku gani hayakufika, na nani aliyeyaiba usiku.

Kuhusu lini, hapa tuna bahati kwa sababu mlima wetu uliandikwa mapema. Mmisionari Rebmann aliuona mwezi Mei 1848. Mmisionari mwingine, Charles New, alifika 1871, na msafiri Mwingereza Harry Johnston akakaa Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1884. Wote wawili waliikuta mifereji ikifanya kazi na wakaiandika. Kwa hiyo mtu akikuambia mifongo ilianzishwa na Wajerumani au wamisionari, mwambie kwa heshima kwamba aliyeyasema hayo hajasoma walichoandika wageni wenyewe. Mingine ilichimbwa au kurefushwa wakati wa ukoloni, hasa kahawa ilipohitaji maji ya kuoshea, lakini ufundi ulikuwepo kabla.

Ili kujua wenu ni wa kipindi gani, tumia matukio kama vigingi, kwa sababu mzee hatakutajia mwaka ila atakuambia "kabla ya" na "baada ya". Uru ilibanwa kati ya majirani wawili wenye nguvu, Kibosho ya Mangi Sina upande wa magharibi na Moshi ya Mangi Rindi upande wa mashariki. Wajerumani walimpiga Sina mwaka 1891, mwaka uleule alipofariki Rindi. Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliwashinda Wajerumani 1892, akashindwa 1893, na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa Old Moshi pamoja na Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha na wengine, jumla yao 19. Ukoo wowote wa upande wenu una mtu aliyekuwa hai wakati huo na simulizi ya alikokuwa. Muulize mzee: huyo babu wa vita vya Wajerumani alikuta mfongo, au aliuchimba? Kisha songa mbele: reli kufika Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910, mji ukahamia chini, chama cha wakulima wa kahawa 1925, chama kikuu cha ushirika KNCU 1933, ukanda wa nusu maili 1941 (sehemu ya chini ya msitu iliyotengwa kwa matumizi ya wenyeji), uhuru, umangi kufutwa 1963. Majina ya rika la kila kipindi yatakusaidia zaidi kuliko miaka, na wazee wengi bado wanayakumbuka kwa mpangilio.

Karatasi nazo zipo. Vitabu vya ubatizo vya misheni vinakupa vizazi: Kilema ilianza 1890, Kibosho 1893, na watu wa Uru wa mwanzo wengi walipitia Kibosho kabla ya kupata parokia yao. Omba ruhusa kwa paroko kwa barua, usiende tu Jumapili baada ya misa ukategemea kufunguliwa kabati. Ramani za kiwango cha 1:50,000 za Idara ya Upimaji na Ramani zinaonyesha mifereji mingi kwa mstari mwembamba wa buluu; tafuta toleo la zamani kabisa utakalopata na ulilinganishe na picha za setelaiti za leo. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya Wilaya ya Moshi ya wakati wa Waingereza, na humo mashauri ya maji ni mengi, maana Wachagga tulishtakiana kwa maji tangu mahakama ilipofunguliwa. Ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, hapohapo Moshi, ina kumbukumbu za haki na vibali vya maji. Mfongo wenu ukiwa uliwahi kusajiliwa, humo kutakuwa na jina lake na mto wake.

Hilo la kusajili ndilo lililoivuruga mifongo kuliko wengi wanavyojua. Sheria ya maji ya 1974 iliyafanya maji yote kuwa ya umma na kutaka kila mtumiaji awe na haki iliyoandikwa, ya 2009 ikaendeleza hivyo kwa vibali na jumuiya za watumia maji. Kwa serikali hoja ilikuwa ya maana: mito hiyohiyo inakwenda Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani kufua umeme, na njiani kuna miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC na mpunga wa Mabogini, mradi uliokamilika 1987. Lakini mzee wa mfongo aliyekuwa na mamlaka ya kunyima mtu zamu akajikuta hana mamlaka yoyote, na jumuiya iliyotakiwa kushika nafasi yake mahali pengi ilibaki kwenye makaratasi. Baragumu likalia, watu wasitoke.

Kisha 2005 hifadhi ya Kilimanjaro ikapanuliwa kuchukua msitu wote. Mabanio mengi yako ndani ya mpaka huo au kandokando yake, hivyo kwenda kuyazibua sasa kunahitaji maelewano na hifadhi. Binafsi naona kuulinda msitu kulikuwa sahihi, hesabu ya mvua niliyokupa inaeleza kwa nini, ila ilifanywa kana kwamba watu wa ukanda ule hawakuwahi kuwa na sababu halali ya kuingia.

Wenu ulikufa kwa lipi kati ya haya? Utaliona kwa miguu, kwa kuufuata kutoka kihambani kwenda juu, usianzie juu. Mfongo uliokufa haupotei. Utaona ukingo ulioinuka upande wa bondeni kutokana na matope yaliyokuwa yanazolewa kila mwaka na kutupwa upande huo. Utaona masale, mmea wetu wa mipaka, yamejipanga mahali ambapo hakuna mpaka wa mtu. Ndani ya mtaro mara nyingi watu wamepanda magimbi, kwa sababu udongo wake bado ni mweusi na una unyevu. Ukikuta nyumba imejengwa juu yake au barabara imeukata bila kalavati, umeshapata sababu moja. Endelea. Ukikuta mtaro mkavu lakini mzima, na pembeni yake mipira myeusi ya maji imelazwa ardhini inayotoka juu, basi maji yapo, yamehamia kwenye mipira ya watu wachache, na hiyo ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi kuliko zote siku hizi. Ukifika banioni ukakuta mto una maji na banio halipo, mfongo ulikufa kwa kukosa msaragambo. Ukikuta mto wenyewe umenywea, tazama kingo zake kuna mikaratusi kiasi gani, na chemchemi za juu zimelimwa hadi wapi. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ukipima kwa hatua zako utacheka, au utalia.

Usipande peke yako. Nenda na mzee mmoja aliyewahi kuchimba na kijana mmoja mwenye simu ya kurekodi njia, na umwone mwenyekiti wa kitongoji kwanza, maana mtu mgeni anayepima mtaro hushukiwa kuwa anapima kiwanja. Kama mtapita mpaka wa hifadhi, mtake ruhusa mapema.

Jirani zako wa Shimbwe Juu, hukohuko Uru, walipata bahati ya vihamba vyao kutambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia. Nenda ukaone wanachoeleza wageni kuhusu mfongo na kihamba. Hadithi zenu zitafanana sana, na pale zisipofanana ndipo penye historia ya kitongoji chenu.

Kuhusu kuufufua hukuuliza, lakini najua ndiko unakoelekea. Anzeni na kipande kutoka banioni hadi kihamba cha kwanza, msikimbilie kuweka saruji urefu wote. Saruji huvunjika ardhi inaposogea, na aliyezoea kuiona haendi tena msaragambo. Kibali kiombwe kupitia jumuiya ya watumia maji, kwa jina la mfongo na si la mtu mmoja, la sivyo ugomvi wa koo utahamia kwenye karatasi hiyo. Kutembea kwenyewe fanya Januari au Februari, nyasi zikiwa fupi na mto ukiwa mdogo. Ila mahojiano usisubiri hadi wakati huo: Desemba kila ukoo uko nyumbani, na hata wale wazee waliochukuliwa na watoto wao Dar huwa wamerudishwa kwa ajili ya Krismasi.